Sony a6000 ya mtumba au ZV-E10? Inategemea unapiga nini

Mdogo wangu wa Moshi, nimekusoma, hela ya harusi na sendofu unaitaka na huku video za kupeleka wageni maporomoko ya Materuni unazitaka, sasa umekwama kati ya kamera mbili za Sony, a6000 ya mtumba na ZV-E10. Mi a6000 nimeizungusha Arusha hii miaka kadhaa kwa hiyo nikwambie ukweli.

a6000 ni ya 2014, ZV-E10 ya 2021, ila kwenye picha ya kawaida mteja hataona tofauti, zote megapikseli 24 na lenzi na betri zinaingiliana. a6000 ina kioo cha kuchungulia na flashi yake ndogo, ZV-E10 haina vyote viwili, na jua la saa saba pale maporomokoni skrini huoni kitu, unabahatisha tu.

Kwenye video ndo a6000 inakufa: haina 4K wala tundu la maiki, nimeshawahi kurekodi MC ukumbi mzima nikaishia kuokota sauti ya jenereta. Kama video ndo mkate wako chukua ZV-E10, ila usitembee nayo mkononi ukirekodi, sensa zao zote mbili (kile kipande kinachonasa picha) hazina stabilaiza ndani, yaani cha kutuliza mtikisiko, video itatetemeka.

Ukienda kwa mtumba mulika lenzi na tochi ya simu, ukiona kama utando wa buibui ndani hiyo ni fangasi, iache. Piga na ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, madoa yakijitokeza ni vumbi la sensa, usiifute na shati, mpelekee fundi kamera.