Barua kwa mwanangu: baada ya wiki ya juisi

Mwanangu Salum,

Assalam alaykum. Ujumbe wako nimeupata. Umeniambia umemaliza wiki nzima ya kunywa juisi za mboga na matunda tu, ukaona mwili umekuwa mwepesi na suruali zimelegea, lakini hazijapita siku nyingi umeanza tena chipsi mayai za usiku na mzani umepanda kilo mbili. Unauliza ufanye nini ili uendelee kula vizuri usirudi ulikotoka. Jambo hili halitoshi kwa simu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwanza hizo kilo mbili zisikuvunje moyo. Uzito unaopungua haraka namna ile, sehemu kubwa huwa ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu kama tatu za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba hutumika na maji hutoka. Ukirudi kula, vyote hurudi mahali pake. Kwa hiyo usikimbilie wiki nyingine ya juisi kwa sababu ya mzani. Na habari ya kutoa sumu, mwanangu, kazi hiyo ini na figo zako zinaifanya usiku na mchana bila kusubiri juisi. Zile dawa za kuharisha zinazouzwa kwa jina la kusafisha tumbo, nakuomba usiziguse. Zinakumaliza maji na chumvi za mwili tu.

Matunda endelea nayo, ila yale mazima. Glasi moja ya juisi ya machungwa hula machungwa matatu au manne, sukari yake yote inashuka kwa mkupuo, na makapi yanayoshibisha na kulainisha choo yanabaki kwenye chujio. Babu yako aliishi na kisukari miaka mingi, na wewe ni damu yake. Chungwa limenye, ule na nyama yake. Soda nayo, chupa moja ya mililita 350 inakaribia gramu 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri zaidi mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku. Hapo sina la kuongeza.

Lakini wiki ile imekupa kitu kimoja cha thamani, nacho ni ulimi. Umesema chipsi za kwanza baada ya juisi ulizionea chumvi kali. Ulimi ukizoeshwa chumvi kidogo kwa wiki kadhaa, chakula kilekile cha zamani huja kukushinda chenyewe. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi ya mkate, soseji na viungo vya pakiti ambavyo mnavimimina kwenye mchuzi bila kufikiri. Tumia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Shika hapo ulipo, usiurudishe ulimi nyuma.

Sasa nikwambie ninaloliamini hasa. Nia unayo, mtu asiye na nia hanywi juisi ya matembele wiki nzima. Unaposhindwa ni saa mbili usiku. Unatoka Kariakoo, foleni imekuchosha, unafika Tabata una njaa kali, jikoni hakuna kilichoiva, na kibanda cha chipsi kiko mlangoni. Saa hiyo hakuna binadamu anayeanza kuchagua maharage. Basi shida tuimalize kabla ya saa mbili haijafika.

Jumamosi asubuhi pita soko la Ilala, chukua mboga, nyanya, ndimu na matunda ya msimu. Jioni loweka maharage au choroko. Kuloweka na kumwaga yale maji kunaokoa gesi na kunapunguza gesi ya tumboni pia. Jumapili chemsha sufuria kubwa bila kuunga, gawa kwenye vyombo vidogo, vingine weka kwenye friza. Ukirudi kazini unakaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, unatia chombo kimoja, na wakati kinatokota unasonga ugali wa dona. Dona lina kiini na pumba za mahindi ambazo sembe imenyang'anywa, kwa hiyo utashiba kwa kipande kidogo. Mchicha upike dakika chache tu na ukamulie ndimu. Ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Chai ya rangi isiwe juu ya chakula, maana inayazuia madini hayohayo. Isubiri mpaka ipite saa moja baada ya kula. Dagaa wawepo daima kwenye kopo, ni wepesi kupika na wanaliwa na mifupa yao, ambako ndiko iliko kalsiamu. Tui pia sikukatazi. Mtoto wa Tanga ataachaje nazi? Ila tumia lile tui jepesi siku za kawaida, zito liache kwa wageni.

Mchana kazini unakula kwa mama ntilie, nalo si tatizo. Mwambie akupunguzie wali, akuongezee maharage na mboga. Wengi wanakubali bila neno.

Usijiwekee vyakula vya haramu ambavyo Mungu hakuviharamisha. Unakumbuka Ramadhani: mtu akifungua kwa tende na maji, akaswali, ndipo akakaa kwenye futari, hula kwa kiasi, anayevamia sambusa na mihogo ya nazi akiwa na njaa ya siku nzima hulala anatweta. Wiki yako ya juisi ilikuwa njaa ndefu, na chipsi zilikuja mara moja juu yake. Chipsi mayai kula, lakini siku uliyoipanga mwenyewe, na uende ukiwa umeshakula tunda nyumbani.

Anza na chakula cha usiku peke yake. Kikishatulia, ndipo tuzungumze maandazi ya asubuhi.

Nakutumia dona na choroko kwa basi la Ijumaa, kazipokee kituo cha Magufuli pale Mbezi. Choroko zichague kwanza, zina mawe madogo madogo. Ukishapika sufuria ya kwanza nipigie, nikuelekeze kuunga kwa bizari.

Mama yako