Jangwani kuna uhai kibao, cheki Namib

Ulieuliza kama jangwani kuna kiumbe chochote ama ni mchanga na jua tu, aisee wapo kibao ila mchana wengi wamejificha chini ya mchanga. Mfano Namib kule Namibia, mvua ni ya kubahatisha lakini alfajiri ukungu unatoka baharini, maana mkondo wa Benguela, yaani maji ya bahari yanayopita pwani ile, ni wa baridi na hewa ikipita juu yake inapoa, sasa wadudu wa kule ndo wanakunywa huo ukungu. Kuna mbawakawa mweusi anapanda mpaka kileleni mwa tuta la mchanga kabla jua halijatoka, anainamisha kichwa na kubinua makalio kama anasujudu, mgongo unaloa, vitone vinajikusanya vinateleza taratibu hadi mdomoni. Ndo chai yake ya asubuhi hiyo 😂

Choroa, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu, nae noma, anaacha joto la mwili lipande kupita nyuzi 40 bila kutoa jasho ili asipoteze maji, na damu inayoenda kwenye ubongo inapozwa na mishipa ya puani. Mie ningeshazimia zamani.

Halafu kuhusu sweta uliyosema ni ya nini jangwani, beba tu. Hewa ni kavu na mawingu hakuna, jua likizama joto lote linapotelea angani, usiku unatetemeka kabisa. Na asubuhi kung'uta viatu kabla hujavaa, nge wanapenda kulala humo.