Chama Hakitafuti Faida, ila Kinadaiwa

*Klabu yetu ya jogging hapa Kirumba ina katiba, muhuri na laini ya michango. Kusajili kuna ulazima gani?*

Kila wiki swali lile lile! Muhuri huchongwa kwa nusu saa na mahakamani hausaidii kitu. Klabu isiyosajiliwa haishtakiwi kwa jina lake. Wanaoitwa ni mwenyekiti, katibu na yeyote aliyehusika. Klabu ya michezo, muoneni afisa michezo wa halmashauri awaelekeze usajili wa BMT, yaani Baraza la Michezo la Taifa. Chama cha kijamii kinakwenda kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani, na hapo wengi hulala wakidhani wamemaliza. Cheti kile peke yake hakikipi chama nafsi ya kisheria, yaani uwezo wa kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Sajilini bodi ya wadhamini RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwa Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318. NGO iliyosajiliwa kwa Sheria ya 2002 inayo nafsi hiyo tayari.

*Katiba inasema hatutafuti faida. TRA watatuacha?*

Hapana. Hadhi ya hisani, ile yenye nafuu ya kodi, haiji yenyewe; inaombwa kwa Kamishna Mkuu wa TRA.

*Tulikodi mtumbwi wa injini kwenda pikiniki kisiwani. Mwenzetu aliteleza akipanda pale mwaloni, akavunjika mguu. Kila mtu alisaini kuwa anakwenda kwa hatari yake. Tumepona?*

Karatasi hiyo haifuti uzembe. Hakimu atauliza: nani alichagua chombo, kilikuwa na leseni ya TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, jaketi okozi zilitosha, abiria walipandia wapi? Kama mlipandia juu ya mawe yenye utelezi na kamati ikitazama, mwenye mtumbwi hatasimama kizimbani peke yake. Wala usajili haumfichi kiongozi aliyezembea yeye mwenyewe. Majeruhi ana miaka 3 ya kufungua madai, kwa hiyo msishangilie ukimya wake wa leo. Mlipieni matibabu, andikeni mliyoyaona, na safari ijayo kateni bima. Na baada ya MV Bukoba 1996 na MV Nyerere 2018, mkazi wa Mwanza anayejaza mtumbwi kupita uwezo asiniandikie.

*Mweka hazina alisaini mkataba wa mahema na viti vya sherehe yetu. Michango haikutosha, sasa mwenye mahema anamfuata yeye nyumbani.*

Mwenye mahema ana haki, kwani sahihi ni ya mama huyo mweka hazina na klabu yenu haijasajiliwa. Dai la mkataba huishi miaka 6. Kama kikao kilimtuma, naye anaweza kuwadai ninyi mliokubali, ndiyo maana natafuta muhtasari wa kikao kabla ya kitu kingine. Mnao?