Swali la lugha: 12°30′ tuiandike "nyuzi 12 nukta 30"?

Fundi mmoja wa kukereza vyuma anaandaa maelekezo ya Kiswahili kwa vijana wa karakana yao wanaojifunza kupanga kwenye kompyuta kazi za CNC (mashine zinazoongozwa na kompyuta), anauliza pembe ya 12°30′ aiandike "nyuzi 12 nukta 30" au vipi, na fomula azitamke vipi ili kijana asikosee kuziingiza.

Kaka, hiyo nukta 30 futa kabisa. Ile 30 ni dakika, na digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo andika "digrii 12 na dakika 30" au "digrii 12 na nusu" halafu kwenye kisanduku cha programu aingize 12.5. Akiingiza 12.30 programu haitamgombeza, itachukua ni 12.3 na kuendelea na kazi. Kwenye urefu wa milimita 100, 100*tan(12.5) inatoa 22.17 ila kwa 12.3 unapata 21.80, karibu milimita 0.37 imeshaondoka na hicho kipande sijui utamuuzia nani.

Umeona natumia digrii. Nyuzi ni Kiswahili safi na ndo tuliyofundishwa shule, sina ugomvi nayo, ila karakana kuna nyuzi za skrubu pia, sasa ukiandika "nyuzi zenye pembe ya nyuzi 60" kijana ataisoma mara tatu. Mi ningeandika "thredi yenye pembe ya digrii 60" basi, wanaolalamikia utohozi waje wakate hiyo thredi wenyewe.

Kwenye fomula tatizo kubwa ni mabano maana mdomoni huwa hatuyatamki. Tuseme kipenyo kikubwa ni 50 na kidogo 20, unamwambia "hamsini toa ishirini gawanya kwa mbili", yeye anaandika 50-20/2 na programu ya CNC kama Fusion au Mastercam inampa 40 wakati wewe ulitaka 15. Programu inafata MAGAZIJUTO ileile ya darasani, kugawanya kunatangulia kutoa. Kwa hiyo andika "fungua mabano, hamsini toa ishirini, funga mabano, gawanya kwa mbili", ni ndefu ndiyo, ila aandike (50-20)/2 bila kubahatisha.

Sini, kosini na tanjenti tumia kwenye maelezo tu, kwenye kisanduku zibaki sin, cos na tan. Na kama kuna kijana atataka kuhakiki kwenye Excel mwambie mapema kabisa kwamba yenyewe inahesabu pembe kwa radiani (kipimo kingine cha pembe, siyo digrii), maana akiandika =100*TAN(12.5) itamletea hasi 6.65 aje akulaumu wewe, aandike =100*TAN(RADIANS(12.5)) ndo ataiona 22.17 yake.