Hati ya Madai Haianzi na "Hawakukuta Kitu"

Juzi kijana wetu mpya kaniletea rasimu ya hati ya madai. Kesi ya kifungu cha 1983, sheria ya shirikisho ya Marekani ya kumdai askari aliyevunja haki zako za kikatiba, mteja kasimamishwa barabarani kwa sababu kuna mtu kawanong'oneza polisi kwamba anabeba dawa za kulevya. Aya ya kwanza: "Askari walimpekua mdai na gari lake na hawakukuta kitu." Hayo maneno matatu ya mwisho kayakoleza wino na kuyapigia mstari. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kufukua rasimu yangu ya kwanza katika ofisi hii, miaka kumi na moja nyuma. Inaanza hivyo hivyo, na mstari wa chini upo.

Basi wadogo zangu, mlioingia kazi ya usaidizi wa sheria hapa Ohio kwa vile mnajua Kiswahili na wateja wetu wengi wametokea Kivu au kambi za Kigoma, kaeni chini kidogo.

1. Kesi yote iko kabla taa za bluu hazijawaka.

Jaji haulizi polisi walikuta nini. Anauliza walijua nini kabla ya kumsimamisha mtu. Someni Florida v. J.L. mpaka mwisho, msisome muhtasari. Miami-Dade, 1995, mtu asiyejulikana anapiga simu: pale kituo cha basi kuna kijana mweusi mwenye shati la mirabamiraba, ana bastola. Polisi wakaenda, wakampapasa, na bastola kweli ikakutwa mfukoni. Kijana ana miaka 15. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa kauli moja kwamba upekuzi ule ulivunja Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayokataza kupekua watu bila sababu ya kutosha, kwa sababu mpiga simu hakueleza amejuaje na hakutabiri lolote ambalo polisi wangeweza kulihakiki. Sasa kama kukuta bastola hakukuwaokoa polisi, kutokukuta kitu kutakuokoaje wewe? Hilo liwekeni kwenye sehemu ya fidia, jopo la raia wanaoamua kesi litalipenda.

Halafu Terry v. Ohio, mama wa haya yote, iliyowaruhusu polisi kumsimamisha na kumpapasa mtu kwa shaka yenye msingi tu, ilianzia hapa hapa, Euclid Avenue, Cleveland, 1963. Nilipoanza kazi nilikwenda kupaona kama mtu anayekwenda kuhiji. Hakuna la kuona, magari tu.

2. Snichi wana madaraja.

Mtaani tukishasema snichi, yaani mtu anayewapa polisi habari, tumemaliza. Mahakamani ndiyo kwanza tunaanza. Kuna anayejulikana na askari, aliyewahi kumpa habari, anayeweza kushtakiwa akidanganya: huyo ni Adams v. Williams, 1972, na anaaminiwa upesi. Kuna aliyepiga 911, namba ya dharura, akieleza alichokiona sasa hivi kwa macho yake: Navarette, 2014, majaji 5 kwa 4. Na kuna asiyejulikana kabisa anayetabiri, ndiye wa Alabama v. White, 1990. Huyo alisema mama fulani atatoka kwenye nyumba za kupanga muda fulani, ataingia gari la kahawia lenye taa ya nyuma iliyovunjika, ataelekea moteli fulani, na kwenye mkoba atakuwa na wakia moja hivi ya kokeini. Mama akatoka mikono mitupu, akaingia garini, akashika njia ile ile. Wakamsimamisha karibu na moteli. Mkobani ilikuwa bangi, na kokeini iliyopatikana baadaye kwenye pochi ilikuwa miligramu 3. Majaji 6 kwa 3 wakaupitisha usimamishaji ule, huku wakikiri kuwa ni kesi ya mpakani.

Shikeni hilo la utabiri. Gari lako lililoegeshwa nje hata jirani mwenye chuki anaweza kulieleza. Anayejua utakwenda wapi baada ya nusu saa, huyo ana habari za ndani. Kwa hiyo ukiona ripoti ya askari imejaa utabiri, swali la kwanza ni hili: utabiri huo uliandikwa saa ngapi?

3. Muda.

Kufungua dai hapa Ohio ni miaka miwili, na inahesabiwa kuanzia siku ya kusimamishwa. Siku mwendesha mashtaka alipofuta kesi ya jinai haikuhusu kwa dai hili (Wallace v. Kato, 2007). Usiandike "Askari Fulani" ukitegemea kujaza jina muda ukishapita, Mzunguko wa Sita, mahakama ya rufaa ya shirikisho inayoisimamia Ohio, ulifunga mlango huo kwenye Cox v. Treadway, 1996. Na mteja akikwambia alisimamishwa saa tatu, muulize: saa tatu ya Kiswahili au ya Kifaransa? Mnacheka. Subirini wakili wa upande wa pili amsomee mteja wenu hati yake ya kiapo mbele ya kamera.

4. Barua ya kuhifadhi ushahidi.

Hapa ndipo nilipoumbuka, na sitafupisha.

Mteja alikuwa mzee wa Bukavu, ofisi nzima tulimwita Papa. Alikuwa akifungasha maboksi ghalani zamu ya usiku. Siku yake ya mapumziko alitoka duka la vyakula vya Kiafrika, kwenye kiti cha nyuma kuna samaki wakavu na viroba viwili vya unga wa muhogo. Mnaona inakokwenda. Wakamsimamisha, wakamkalisha ukingoni mwa barabara, wakachana kiroba kwa kisu juu ya boneti. Video ya kamera ya kifuani ninayo kichwani mpaka leo: unga unaelea kwenye mwanga, bluu, nyekundu, bluu, askari mmoja anakohoa, na Papa anasema taratibu kwa Kifaransa, "c'est du manioc." Hakuna aliyemsikia.

Kumbukumbu ya kompyuta ya 911 ilikuwa mstari mmoja. 21:14, mpigaji hataki kujitaja, gari jeupe la familia, dereva mweusi, anasambaza. Saa 21:22 Papa alikuwa amesimamishwa. Ripoti ya askari ilikamilishwa 01:50, na humo mstari ule mmoja umezaa watoto: mpigaji "alieleza" gari litatoka duka lipi, litapita barabara ipi, litaingia maegesho ya majengo gani. Utabiri mtupu! Kama vile mwandishi aliweka hukumu ya White pembeni akawa ananakili.

Sauti ya simu ile ingemaliza ubishi kwa nusu dakika. Ama mpigaji alisema hayo, ama hakusema.

Na mimi nilikuwa nimeshaandika barua. Siku ya 19, kwa posta ya kusaini, kwa mkuu wa polisi wa mji, barua nzuri kweli: hifadhini video, redio, simu, rekodi za GPS za magari, kila kitu. Wakajibu kwa adabu kwamba watahifadhi vyote vilivyo mikononi mwao. Nikabandika kikaratasi cha kijani kwenye faili, nikaenda kula.

"Vilivyo mikononi mwao." Katika kaunti ile kituo cha 911 si cha polisi. Ni chombo cha kaunti, kina bodi yake, kina mashine yake ya kurekodi, na mashine hiyo inajifuta kila siku 90. Simu ya raia na mazungumzo ya redio, vyote vilikuwa humo. Nililigundua hilo siku ya 131, nilipopiga simu kuulizia jambo jingine kabisa. Mama aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniua: "Ungepiga mwezi wa pili tungekuchomea kwenye CD."

Wakili wangu alijaribu Kanuni ya 37(e) ya mashauri ya madai ya shirikisho, ya ushahidi wa kielektroniki uliopotea. Lakini kanuni hiyo inamwadhibu mhusika wa kesi aliyepoteza ushahidi, na aliyepoteza hakuwa mhusika. Askari akaapa kwamba maelezo yote yale aliyapata kwa redio. Mpokea simu akaapa kwamba hakumbuki. Jaji akasema mstari wa kompyuta ni muhtasari tu, ukimya wake haumkanushi askari. Na hata kama fununu haikutosha, si kila askari angejua kwamba haitoshi. Kinga: askari halipi kama sheria haikuwa wazi kwake. Miezi 22 ya kazi ikaishia kurasa kumi na nne za hukumu dhidi yetu.

Mnadhani hapo ndipo palipouma. Paliuma Papa alipokuja ofisini. Wakili alimweleza kwa Kiingereza kwamba rekodi haikupatikana, na mkalimani nilikuwa mimi. Papa akanigeukia: "Mutoto yangu, na ile sauti iko wapi?" Nikamjibu, "Ilifutika, Papa." Kiswahili kina huruma ya ajabu kwa wazembe: ilifutika, ilipotea, ilichelewa, tendo lipo na mtendaji hayupo. Akatikisa kichwa kana kwamba ni mvua ilinyesha. Sikuwa na ujasiri wa kusema sikuiomba. Nilimwambia mwaka mmoja baadaye, kwenye harusi ya binti yake, mahali pabaya kabisa pa kuungama, muziki umepanda mpaka ikabidi niseme mara mbili.

Barua tatu, siku ile ile mteja anapotia saini: polisi, kituo cha 911, mwendesha mashtaka wa kaunti, na ombi la nyaraka za umma chini ya kifungu cha 149.43 cha sheria za Ohio. Wiki iliyopita nimekuta faili tatu hapa zenye barua moja moja. Kwa mkuu wa polisi, bila shaka.

5. Usiombe jina la mtoa habari.

Roviaro ya 1957, kesi ya haki ya serikali kuficha jina la mtoa habari, itawekwa mbele yako na jaji atakuwa upande wao. Omba historia yake: ametoa fununu ngapi, ngapi zilizaa kitu, analipwaje, ana kesi gani inayomning'inia. Kubali iwe chini ya amri ya siri, mawakili peke yao. Mara nyingine ukibana hapo unakuta "mtoa habari wa kuaminika" ana fununu moja tu maishani mwake, ndiyo ya mteja wako.

6. Muulize mteja alikiri nini.

Kuna wanaokubali kosa dogo ili warudi kazini Jumatatu, kisha wanakuja kwetu. Heck v. Humphrey inawasubiri mlangoni: huwezi kudai fidia kwa dai ambalo likishinda litamaanisha hatia yako ilikuwa batili. Usimfukuze mtu kabla hujasoma tanbihi ya 7 ya hukumu hiyo, inayoacha mlango wazi kwa baadhi ya madai ya upekuzi.

7. Hesabu dakika.

Mbwa wa kunusa dawa akiletwa baada ya tiketi kwisha kuandikwa, Rodriguez ya 2015 ni rafiki yako: ilikataza kurefusha usimamishaji kwa ajili ya mbwa bila shaka yenye msingi. Kule Nebraska zilikuwa dakika 7 au 8 tu.

8. Tafsiri fanya mwenyewe, halafu mpe mwingine airudie.

Kwenye video ile ile Papa anampigia mkewe simu: "Banatafuta unga, banamwanga yote." Mkalimani wa upande wa pili, mtu wa pwani ya kwetu kabisa, akatafsiri sawasawa, kisha baada ya neno unga akafungua mabano na kuandika dawa za kulevya. Kwake yeye, wa mjini, unga una maana hiyo. Papa hajawahi kuisikia maishani. Ilitugharimu hati ya kiapo ya mwalimu wa Kiswahili na saa mbili za wakili kulifuta neno moja, na huku unga wenyewe umemwagika boneti nzima, unaonekana.

Kijana karudisha rasimu ya pili leo mchana. Aya ya kwanza inaanza na dakika ambayo simu iliingia 911, na barua tatu kaziambatanisha. Nimefurahi. "Hawakukuta kitu" imehamia aya ya pili, mstari wa chini bado upo.