Umeniuliza kwa nini nimemlilia Bosi

Mwanangu,

Ile meseji yako ya juzi nimeisoma mara nyingi sana. Uliniuliza, "Mama, ati umelia siku mbili juu ya mbwa? Si ni wewe ulikuwa unamfukuza hata akikanyaga baraza?" Sikutaka kukujibu kwa simu maana ningeanza tena na wewe uko kazini, kwa hivyo leo nimekaa nikuandikie, na ikiwa ndefu nivumilie mama, kuna mambo humu sijawahi kukwambia.

Ni kweli nilikuwa namfukuza. Bosi tulimleta 2014 awe mlinzi, basi. Mimi nimelelewa hivyo, kwetu mbwa ni wa nje, anakula makombo, sufuria yake haiingii jikoni na yeye hapiti mlango. Hakuna aliyemchukia lakini pia hakuna aliyekaa akamwangalia. Alikuwa kama taa ya nje, unaikumbuka siku imezima.

Halafu ikaja corona. Machi 2020 shule zikafungwa, mdogo wako akarudi kutoka bweni na sanduku lake, tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tukasema ni wiki mbili tatu hivi. Aprili 6 Nairobi ikafungwa na wewe uko ndani, siku mbili baadaye Mombasa nayo ikafungwa na baba yako yuko ndani, na sisi hapa Voi tuko katikati ya barabara ya Nairobi na Mombasa, hatujafungiwa lakini hakuna wa kutufikia.

Unakumbuka baba yako alikuwa anakuja Jumamosi na treni ya asubuhi, na lazima apitie buchari amletee Bosi mifupa. Sasa Bosi alikuwa ameshajua, honi ya treni ikilia yeye huyo getini. Treni za abiria zikasimamishwa lakini za mizigo ziliendelea kupita, mchana na usiku, na kila honi ikilia Bosi anaamka anakimbia getini, anasimama, masikio juu, anangoja wee, halafu anarudi polepole analala chini ya mwarobaini. Miezi mitatu. Mwanzoni nilikuwa namwambia wewe lala, hakuna mtu. Baadaye nikaacha kumwambia, nikawa nachungulia na mimi.

Sasa hili la pili ndo sijawahi kukwambia. Ulipokuwa unapiga simu jioni nakujibu tuko sawa, shule inatulipa nusu mshahara. Hiyo nusu ilikuwa ya Machi tu mwanangu. Aprili hakuna, Mei hakuna, mwaka ukaisha hakuna, shule ya watu binafsi kama watoto hawapo karo haipo, na karo ikikosekana mwalimu anaambiwa angoje. Baba yako naye alikuwa amepunguziwa siku za kazi huko Mombasa, analipa nyumba huko, sikutaka kumwongezea. Na wewe mshahara wako wa kwanza kwanza, chumba cha kulipia, ulikuwa unanitumia elfu moja moja kwa M-Pesa kwa vile hiyo elfu ilikuwa haikatwi, na mimi najua ulikuwa unaitoa wapi. Ningekwambia nini? Zile elfu zilinunua unga na mafuta, na nitakwambia leo, kila mara nilitoa kidogo nikanunua omena za Bosi, maana makombo hayakuwepo tena, sufuria ilikuwa inakwanguliwa mpaka inang'aa.

Usiku mdogo wako akishalala nilikuwa natoka nakaa pale nyuma karibu na tangi, nalia huko asinisikie. Si kila siku, lakini mara nyingi. Na Bosi anakuja. Hajipendekezi wala haombi kitu, anakuja analala kando ya miguu yangu, anapumua tu. Siku za kwanza nilimwambia toka. Siku nyingine sikumwambia kitu. Ikafika mahali nikawa naongea naye kabisa, nampa hesabu zote, unga umebaki kiasi hiki, deni la duka ni hili, mwenye maji anataka yake kesho. Mdogo wako alikwambia alinisikia naongea peke yangu akaogopa, sikuwa peke yangu.

Yeye pia mdogo wako Bosi alimsaidia, hilo muulize mwenyewe atakwambia. Alikuwa ameanza kulala mpaka saa sita mchana, hataki vitabu, hataki vipindi vya masomo vya redio, analala tu anaangalia ukuta. Mimi nikimsukuma anakasirika. Lakini mbwa huwezi kumwambia kuna corona. Kafyu ikiisha tu alfajiri Bosi anakwaruza dirisha lake mpaka aamke, basi wanatoka na mitungi kwenda kutafuta maji, na jioni wanazunguka mpaka kule karibu na mashamba ya mkonge, na ilibidi warudi kabla ya saa moja kwa hivyo kijana akawa na saa ya kutoka na saa ya kurudi. Kuna jirani alimwambia mbwa wanaleta corona, ilikuwa imetangazwa mbwa wa Hong Kong amepimwa akakutwa nayo, kijana akarudi amejawa na hofu ananiuliza tumfunge. Nikamwambia sisi watu ndo tunaambukizana, muache mwenzako.

Nikwambie sasa ya usiku ule. Ilikuwa Mei. Mdogo wako alishikwa na homa saa tatu usiku, moto mwili mzima, anatetemeka, na anakohoa. Mwanangu, unajua mwaka ule kikohozi kilikuwa nini. Kafyu imeanza, gari hakuna, nawaza nikitoka naye barabarani usiku tutakutana na nani, na nikipiga ile namba wakija wamevaa yale mavazi meupe wamchukue nitamwona lini tena. Nikavaa barakoa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikawa namkanda na kitambaa cha maji halafu natoka nakaa kwenye korido sakafuni, mgongo ukutani, maana niliogopa nikiugua na mimi nani atampikia. Nilishika simu nikupigie mara tatu. Nikaiweka, ungefanya nini na Nairobi imefungwa?

Bosi alikuwa analia pale nje ya mlango wa jikoni. Mwisho nikafungua nimnyamazishe, akapita miguuni kwangu akaingia. Mara ya kwanza kuingia ndani ya ile nyumba tangu aletwe. Alitembea kama anajua njia, akasimama mlango wa chumba cha mdogo wako akanusa, halafu akarudi akalala pale korido, kichwa akakiweka juu ya miguu yangu. Na nilikuwa sijaguswa na mtu tangu baba yako aondoke Machi, tulikuwa tunasalimiana kwa mbali hata na majirani, hata kanisani kumefungwa. Uzito wa kile kichwa mwanangu. Nilikaa vile mpaka saa kumi na moja, miguu imekufa ganzi, sikuivuta.

Kafyu ilipoisha tukaenda kupimwa. Ilikuwa malaria. Nilimwambia daktari asante mpaka akanishangaa.

Tangu siku hiyo hakulala nje tena, na sikueleza mtu kwa nini.

Julai 7 barabara zilifunguliwa na baba yako akaja na matatu, hakukuwa na treni, hakuna honi iliyolia, Bosi alikuwa amelala zake. Baba yako akafungua geti na barakoa yake na kofia, Bosi akamrukia na kubweka kama mwizi. Akaishusha ile barakoa akamwita jina. Sitakueleza alichofanya yule mbwa, siwezi kukiandika. Baba yako alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri.

Kwa hivyo juzi alipokufa, miaka 11, amelala tu asubuhi hajaamka, watu wakaniambia mbwa hutupwa shimoni. Baba yako akachukua jembe bila kuniuliza, tukamzika chini ya mwarobaini pale alipokuwa anangojea. Nikalia siku mbili, ndio. Kuna mwaka mzima wa maisha yangu ambao aliyeuona wote ni yeye, nyinyi nyote nilikuwa nawaambia tuko sawa.

Sufuria yake nimeisugua, iko jikoni kwenye rafu ya juu karibu na birika. Ukija Disemba usiipikie.

Mama yako.