Nitamjuaje fundi wa pikipiki asiyebabaisha?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nimehamia Tanga mjini hivi karibuni. Nakaa Makorora, kazini ni Pongwe, naenda kwa Boxer 150 niliyoinunua mpya. Kwenye sevisi ya kwanza fundi alibadilisha plagi akidai imekufa, na tangu siku hiyo klachi inateleza. Kila ninayemuuliza ananitajia fundi wake. Nitampataje wa kuaminika kwa sevisi za kawaida tu?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na klachi, maana ndiyo itakayokuonyesha fundi wako ni wa aina gani.

Klachi ya Boxer inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili nyingi za magari, hasa zile nyepesi, zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano haishiki. Kopo la oili inayofaa klachi ya namna hiyo huandikwa JASO MA. Je, fundi wako alifungua kopo mbele yako, au alichota kwenye dumu? Ila kabla hujamlaumu, shika mkono wa klachi: lazima uwe na uchezaji kidogo kabla ya kuanza kuvuta. Kebo ikikazwa mno nayo huleta utelezi huohuo. Kuhusu plagi, ni mara chache sana plagi ya pikipiki mpya kufa kwenye sevisi ya kwanza, ambayo huwa kilomita 500 hadi 750. Mara nyingi ni masizi tu, inasafishwa na kurudishwa.

Sasa huyo fundi mwingine. Nenda kijiwe cha bodaboda, Kange au hapohapo Makorora, utafute kijana anayeendesha pikipiki ya tajiri na kupeleka hesabu kila jioni. Usimwulize nani fundi mzuri, atakutajia rafiki yake. Mwulize mara ya mwisho alitengeneza nini, kwa nani, na alirudi mara ngapi kwa tatizo lilelile. Mwenye hesabu hawezi kumvumilia fundi wa kumrudisha rudisha. Lakini ushauri wake wa lini umwage oili usiuchukue. Wengi wao huisubiri mpaka iwe lami. Fuata kitabu cha pikipiki yako.

Ukishapata jina, mpe kazi ndogo kwanza. Mimi napenda mtihani wa valvu. Fika na pikipiki yenye moto, umetoka nayo Pongwe moja kwa moja, umwambie akusetie valvu, yaani arekebishe nafasi yake. Anayejua kazi atakwambia uiache ipoe kabisa, hata ikibidi ilale, kwa sababu nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa baridi. Halafu atatoa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Akianza kufungua palepale na kupima kwa kutikisa kidole, mshukuru, uwashe uondoke.

Oili nunua mwenyewe, kopo lenye sili, na ukae pale linapofunguliwa. Spea iliyotolewa idai uondoke nayo. Fundi kupewa chochote dukani kwa kukupeleka ni jambo la kawaida na wala si wizi, bora aliyosema imekufa uione imekufa. Angalia pia anavyofunga bolti ya kumwagia oili. Niliwahi kumwachia fundi pikipiki yangu nikaenda kuswali; narudi, kaikaza kwa bomba refu na nyuzi za tundu lake kwenye injini zimeng'oka. Ile ni aluminiamu, haitaki ubabe.

Na usiiache ilale bila sababu unayoielewa. Zipo gereji ambazo pikipiki ikiingia inakuwa kama tunavyosema Tanga, waja leo, kuondoka majaliwa.

Kwa sasa, legeza kebo kidogo, umwage hiyo oili na kuweka ya JASO MA, kisha uipande siku mbili tatu. Ikiendelea kuteleza kwenye gia ya juu unapovuta mafuta, huenda pleti za klachi zimeshaungua. Hapo fundi afungue ukiwepo, akuonyeshe pleti mkononi kabla hujatoa hela ya mpya.